Kuchora, kufinyanga na kwenda makumbusho Kigoma: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaotaka kuja kwenye mazoezi yetu ya mwisho wa wiki hapa Kigoma, na kwa yeyote aliye Kasulu, Uvinza au Tabora anayetaka kuanza mwenyewe nyumbani. Utaratibu wetu ni rahisi: unatengeneza kitu kwa mikono yako, unakwenda kutazama vya wengine, kisha unarudi kutengeneza tena. Maswali hayakupangwa kwa umuhimu. Tumeyaacha jinsi yanavyotujia.

Sijui kuchora kabisa. Nije?

Njoo. Siku ya kwanza tunakuwekea kigoda mbele yako na kukupa penseli. Sharti ni moja: tazama kigoda, usitazame karatasi, na penseli isiinuke mpaka umezunguka kigoda kizima kwa macho. Mstari utatoka umepinda na miguu itapishana. Haidhuru, maana hapo hatuangalii mchoro, tunaangalia kama macho yametulia.

Zoezi la pili ndilo linalowashangaza watu. Tunakwambia usichore kigoda chenyewe, chora nafasi tupu zilizo kati ya miguu yake. Mara nyingi mchoro wa nafasi tupu hufanana na kigoda kuliko mchoro wa kigoda. Kigoda unakijua tangu utotoni, kwa hiyo mkono unachora kile kilicho kichwani. Nafasi iliyo kati ya miguu hujawahi kuifikiria, basi huna budi kuitazama.

Mimi nataka tu kuelewa sanaa. Kwa nini nichafue mikono?

Unaweza kutazama bila kutengeneza, na wako watu wanaotazama vizuri hivyo. Lakini wengi wetu tunapita. Tunaingia makumbusho, tunasoma vibao, tunatoka.

Chukua mtungi wa maji. Kila mtu wa huku ameuona, na ukimwuliza ukoje atakuchorea tumbo na shingo kwa mkono hewani. Sasa jaribu kuufinyanga. Unasokota udongo uwe kama kamba, unauzungusha duara juu ya duara, unalainisha maungio kwa kidole. Tumbo linapanda vizuri na unaanza kujiona fundi. Tabu inaanza pale unapotaka kulirudisha ndani kuelekea shingoni. Udongo ukiwa laini, bega linaporomoka. Ukiwa umekauka kupita kiasi, unapasuka. Inabidi usimame, uache sehemu ya chini ikakamae kidogo huku ukingo wa juu umeufunika kwa kitambaa kibichi, ndipo uendelee. Wengi wanapoteza mtungi wa kwanza hapo hapo.

Baada ya hapo nenda sokoni ukatazame mitungi ya akina mama wanaofinyanga kwa riziki. Macho yatakwenda yenyewe kwenye bega. Utainama kutazama unene wa ukingo, utaingiza mkono ndani kutafuta alama za vidole, utaomba kugonga usikie mlio. Hakuna aliyekufundisha kufanya hivyo, na hakuna kibao cha makumbusho kitakachokwambia.

Kwa watu wa mkoa huu hili lina uzito wa pekee. Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi, watu walichemsha maji hayo katika vyungu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta vigae tabaka juu ya tabaka. Aliyekwisha kufinyanga akishika kigae cha namna hiyo hakioni kama takataka ya zamani. Anauliza chungu kilikuwa kipana kiasi gani, mfinyanzi alichanganya nini ili kistahimili moto wa siku nzima, na kwa nini alihangaika kukitia nakshi kitu ambacho kingeungua na kutupwa. Swali hilo la mwisho tumelibishania sana na bado tunalibishania.

Udongo nitaupata wapi?

Mwulize mfinyanzi aliye karibu nawe, tena kwa adabu. Mashimo ya udongo mzuri yana wenyewe, na wengine wameyarithi kwa mama zao. Usiende kuchimba tu.

Kuupima ni rahisi. Sokota kipande kiwe chembamba kama kidole, kisha kizungushie kidole chako. Kikipinda bila kupasuka, unafaa. Kikikatika, una mchanga mwingi. Udongo mtupu nao una hila zake, kwani hunywea sana unapokauka na kupasuka. Ndiyo maana wafinyanzi huchanganya mchanga kidogo au vigae vilivyotwangwa. Kausha kivulini, polepole, siku kadhaa. Chombo chenye unyevu ndani kikiingia motoni, maji yanageuka mvuke na kukipasua, wakati mwingine kwa kishindo. Kuchoma usijaribu peke yako mara ya kwanza.

Rangi za dukani ni ghali. Kuna njia nyingine?

Zipo. Mkaa wa jikoni unachora vizuri kuliko penseli nyingi, ila chagua vijiti vyembamba vya mti laini. Udongo mwekundu wa barabarani, ukiuchekecha kwa kitambaa na kuuacha utulie ndani ya maji, unatoa rangi nzuri sana. Wachoraji wa miamba ya Kondoa walitumia wekundu wa udongo wenye kutu ya chuma, na michoro yao, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, bado inaonekana. Manjano ya jikoni inang'aa lakini jua linaipausha haraka. Karatasi si lazima iwe nyeupe. Boksi la sabuni lililopasuliwa lina rangi ya kati inayopokea mkaa na chokaa vizuri.

Mawese je? Yana rangi nzuri na huku yamejaa.

Swali la Kigoma hili! Hapana. Rangi yake kweli inavutia, lakini mawese hayakauki. Rangi ya mafuta ya wachoraji inakauka kwa sababu hutumia mafuta kama yale ya mbegu za kitani, ambayo yakikutana na hewa hugeuka kuwa utando mgumu. Mawese yatabaki yananata, yatakusanya vumbi na kutia doa upande wa pili wa karatasi. Tumia kiini cha yai, gundi nyeupe iliyozimuliwa, au uji mwepesi wa unga wa muhogo. Mawese weka kwenye maharage.

Makumbusho ya Ujiji ni ya wazungu wawili kusalimiana. Mimi nitaona nini pale?

Tunalielewa lalamiko hili, na kwa kiasi fulani tunakubaliana nalo. Kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji inahusu kukutana kwa David Livingstone, mmisionari na msafiri, na Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, tukio ambalo Stanley aliliandika kuwa la tarehe 10 Novemba 1871, na mgeni wa kawaida anapiga picha kwenye mnara, anatazama miembe inayosemekana kuwa vizazi vya mwembe ule wa zamani, anaondoka. Sisi tunakwenda kwa njia nyingine.

Tunaanza na sanamu. Ndani kuna Livingstone na Stanley wa ukubwa unaozidi kidogo mtu wa kawaida, waliotengenezwa kwa karatasi na gundi. Watalii wengine wanazicheka. Kabla ya kwenda, tunawapa watu magazeti ya zamani, uji wa muhogo na fremu ya vijiti, tunawaambia watengeneze mkono mmoja tu, ulionyooshwa kusalimia. Mkono tu. Wanagundua kwamba karatasi ikilowa inalegea, kwamba vidole vinaungana kuwa kama kijiko, kwamba mkono ulionyooshwa unataka nguzo ya ndani la sivyo unaanguka. Wakifika Ujiji hawacheki. Wanazunguka nyuma ya sanamu kutafuta uzito umeegemea wapi. Kama sanamu ni nzuri au mbaya, wabishane, lakini wabishane kama watu waliojaribu.

Kisha tunatazama mchoro. Kitabu cha Stanley kilichotoka mwaka 1872 kilikuwa na picha ya kukutana huko, wanaume wawili wakivua kofia huku umati umesimama, na picha hiyo imenakiliwa mara nyingi mno duniani. Tunauliza maswali ya mtu mwenye penseli mkononi. Mchoraji ameweka mwanga wapi? Nani amepewa sura, na nani ni kichwa tu katika kundi? Susi na Chuma, waliokuwa na Livingstone na baadaye wakawa miongoni mwa waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo, ungewaweka wapi wewe? Kisha kila mtu anachora upya tukio hilo akiwa amesimama upande wa Waujiji. Siku moja dada mmoja alichora migongo mitupu na vitambaa, kofia mbili zikionekana kwa mbali. Sijui kama alikusudia mzaha, lakini mchoro ule ulizungumziwa kuliko vibao vyote.

Na usisahau kwamba hapa ndipo misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipofikia ziwa. Ukitoka nje ya uzio, pita mitaa ya zamani ya Ujiji polepole. Mji wenyewe una ya kutazamwa.

Mimi ni Mwislamu. Je, nitalazimishwa kuchora watu?

Hulazimishwi. Suala la kuchora viumbe vyenye roho wanazuoni wana maelezo yake, na sisi si watu wa kutoa fatwa. Mwulize shekhe wako. Katika kundi letu wako wasiochora watu wala wanyama, na kazi zao si za pembeni. Wanachora nakshi za milango, mapambo ya mikeka, hati za Kiarabu, mishono ya kofia. Ukitaka kujua ugumu wa nakshi, jaribu kugawa duara mafungu sita kwa bikari na kuendeleza umbo hilo mpaka lijaze mraba bila kubaki pengo. Asubuhi nzima itakwisha.

Niko Tabora. Nianzie wapi?

Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone. Alifika na Stanley mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, yeye akabaki kungoja wapagazi mpaka Agosti, ndipo akaelekea kusini. Historia hiyo utaelezwa pale pale. Tunachokuomba utazame ni nyumba yenyewe: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya boriti, uwazi wa katikati. Kaa ndani saa za mchana halafu utoke juani, ngozi itakueleza jambo kuhusu unene wa ukuta. Pima upana wa ukuta kwa shubiri zako, kisha nyumbani ujenge tembe dogo la udongo juu ya ubao. Paa bapa litakufundisha kwa nini boriti zimesogeleana vile.

Ni kweli kiti cha enzi cha Wanyamwezi kiko New York?

Kipo kimoja kinachojulikana sana, katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan. Ni kiti cha karne ya 19 chenye mgongo mrefu, na mgongoni kuna umbo la mtu lililochongwa. Kimetoka nchi ya karibu na Tabora. Vitu vingine vingi kutoka Tanzania viko Ujerumani, hasa Berlin, na mjadala wa kuvirudisha unaendelea. Maoni yetu ni kwamba si haki mtoto wa Tabora kukiona kiti cha babu zake kwenye simu tu. Lakini wakati mjadala ukiendelea, simu hiyo itumieni. Tovuti ya jumba hilo ina picha za kutosha kuchora kiti kizima.

Tunapendekeza ukifinyange kwa udongo, urefu wa shubiri moja. Ukifika kwenye umbo la mtu utakutana na swali alilokutana nalo mchongaji: huyu mtu ameegemea kiti, au yeye ndiye kiti? Anayekaa atampa mgongo wake. Ukipata nafasi ya kufika Mwanza, panda hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ambako banda la mambo ya kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ukiwa umeshafinyanga kiti, jengo hilo unalitambua kabla hujaambiwa.

Picha za Tingatinga ni sanaa au ni biashara ya watalii?

Vyote viwili, na hilo halituudhi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine. Alichora miaka michache tu.

Kabla ya kuhukumu, nunua kopo dogo la rangi ya namna hiyo na upake ubao. Inatiririka, inang'aa, haikubali kuchanganywa polepole kama rangi ya maji. Inataka uwanja wa rangi moja, umbo lenye ukingo safi, halafu madoa juu yake ikikauka. Yale unayoyaona kama mtindo, nusu yake ni mwenendo wa rangi ile. Nusu nyingine ni jicho la mtu, na hapo ndipo utakapoanza kutofautisha chui aliyechorwa kwa moyo na chui wa mia moja aliyenakiliwa ili auzwe jioni hiyo. Wako wengi wa aina ya pili. Hatufichi.

Picha za wachoraji wakubwa mbona zinaonekana kama za mtoto?

Swali hili huulizwa mbele ya picha za Sam Ntiro. Huyu alizaliwa mwaka 1923 Machame, akasoma na kufundisha Makerere, akawa pia balozi wa kwanza wa nchi yetu London. Alichora maisha ya vijijini Uchaga: watu wengi, wadogo, migomba kila mahali. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku.

Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi inapofika, na ujaribu kuweka watu ishirini katika ukurasa mmoja. Ukiwafuata jinsi macho yanavyoona, wa mbele wanawafunika wa nyuma na shughuli yote inapotea. Ukitaka kila mtu aonekane anafanya kazi yake, wa dagaa, wa ndoo, wa kamba, itakubidi uwapandishe juu ya karatasi, kila mmoja na sehemu yake. Ukishafanya hivyo, rudi kwa Ntiro. Swali la mtoto huwa haliulizwi tena.

Nikienda makumbusho nitazame vitu vingapi?

Vitatu. Nusu saa kimoja.

Naruhusiwa kupiga picha kwa simu?

Uliza mlangoni, kila mahali pana taratibu zake. Sisi tunaomba simu ibaki mfukoni mpaka uwe umemaliza kuchora. Ukianza na simu, mkono unaona kazi imekwisha.

Kiingilio ni kiasi gani?

Viwango hubadilika, kwa hiyo hatuviandiki hapa. Wenyeji hulipa kidogo kuliko wageni, na watoto kidogo zaidi. Beba kitambulisho.

Watoto wangu wanachoka baada ya dakika kumi.

Usiwatembeze. Wape kazi kabla ya kuingia: tafuteni kitu chenye mistari mitatu, kitu kilichotengenezwa na mtu mwenye haraka, kitu kilichokarabatiwa. Hilo la tatu wanalipenda kuliko yote, na wanaona viraka na maungio ambayo mzazi amepita bila kuyaona. Wakitaka kutoka, watoke. Wacheze chini ya miembe, mtarudi siku nyingine.

Mwenzangu akinionyesha kazi yake niseme nini? Naogopa kumuudhi.

"Nzuri" haimsaidii, na "mbaya" pia. Anza na unachokiona: jicho lako limeingilia wapi, limekwama wapi. Mwulize sehemu gani ilimpa tabu. Kama kazi ni ya mtu mzima kuliko wewe, mwamkie kwanza, kaa chini, mwache aeleze mwenyewe. Mama mmoja msusi wa mikeka alitusikiliza tukiusifia mkeka wake kwa maneno makubwa, kisha akatuonyesha mahali ambapo ukindu mmoja uliruka. Sote tulikuwa tumepita juu yake.

Nitaweza kuuza ninachotengeneza?

Labda baadaye. Anayeuza mapema hulazimika kurudia kile kilichonunuliwa, na sisi tungependa ukosee kwa uhuru kwanza. Mwenye nia ya kuifanya kazi ya maisha aulizie masomo katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mimi ni mwalimu. Naweza kuleta darasa zima?

Lete, lakini si wote siku moja. Gawanya darasa makundi mawili: moja libaki shuleni likifinyanga, jingine liende Ujiji, wiki inayofuata wabadilishane. Hapo utaona tofauti mwenyewe, kwa sababu kundi lililofinyanga kwanza litauliza maswali mengine kabisa. Toa taarifa makumbusho mapema. Kila mwanafunzi awe na penseli, si kalamu ya wino, maana wino ukimwagika au kugusa kitu cha maonyesho hautoki. Daftari liwe na jalada gumu ili aandikie akiwa amesimama. Maji ya kunywa yabaki nje. Na kazi za watoto msizisahihishe kwa alama. Zibandikeni ukutani zote, pamoja na zile zilizopinda.